Bei ya Wiski Ng'ambo ya Ziwa

Jumatatu, 3 Juni 1957. Baraka.

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Watu bado hawajajua. Mimi najua, na ndiyo sababu naanza kuandika shajara hii, wajukuu wangu wasije wakasimuliwa vibaya.

Mambo yalianza hivi. Nimekaa sokoni, mezani pangu, na mashini yangu ya kuandika, nikingoja mtu mwenye barua ya kuandikiwa. Hakuna mtu! Félicité yuko hapo pembeni na birika lake kubwa, anauza chai ya tangawizi na mandazi. Nilikuwa kwenye kikombe cha tatu, maana sijapata namna nyingine ya kukaa karibu naye. Mara akapita baba yake mdogo, Mzee Albert, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Nikajipa moyo. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema nataka kumwoa Félicité.

Mzee hata hakushtuka. Alisema mimi ni wa pili wiki hii.

Wa kwanza ni Placide! Placide, msaidizi wa mpishi melini, anayevaa kofia ya baharia mpaka kanisani! Anayejigamba kwamba amekunywa kila kinywaji cha kila bandari!

Mzee akaendelea. Mbuzi na mambo mengine ya mahari yatazungumzwa baadaye na wazee wenzake. Kwanza anataka kitu kimoja. Mwaka wa kumi na sita, jeshi la Wabelgiji lilipoingia Tabora, ofisa mmoja alimpa glasi ya wiski. Miaka arobaini na moja imepita na ulimi wake haujaisahau. "Mi nataka ile ile," alisema. "Chupa ya ng'ambo, na karatasi yake juu. Mwenye kuileta mbele ya sikukuu ya Saint-Jean, njo tutaongea naye mambo ya mutoto." (Watu wa kijiji cha Lweba wanasema huko Tabora Mzee alibeba masufuria, hakubeba bunduki. Sikumkumbusha.)

Alipoondoka, Félicité aliniambia nisijidanganye. Chupa ni ya baba yake mdogo. Ndiyo au hapana itatoka mdomoni mwake yeye Félicité. Nikamwambia nimeelewa. Nikaagiza kikombe cha nne.

Sasa, wiski ng'ambo ni bei gani? Nimeuliza watu kumi, nimepata majibu kumi na moja, maana mmoja alibadilisha mawazo. Hapo ndipo wazo lilipoingia! Kama mimi sijui, basi wasafiri wote wa Baraka na Fizi hawajui. Wanavuka ziwa kama vipofu! Mtu atakayewaandikia bei za vinywaji vya nchi za nje atakuwa ameokoa nchi nzima, na pia atakuwa amepata nauli ya Kigoma.

Jumatano, 5 Juni.

Mwongozo umekamilika! Ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Kichwa chake: MWONGOZO WA MSAFIRI, BEI ZA VINYWAJI KATIKA NCHI ZA NG'AMBO, NA BONAVENTURE, MTAALAMU. Nakala moja faranga mbili.

Placide alipita akauliza nimefika lini huko ng'ambo. Nikamjibu kwamba mtaalamu hatumii miguu, anatumia akili. Nilianza na kitu ninachokijua. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hapa sokoni Baraka ni ghali. Kijijini Lweba inakotengenezwa ni nusu bei. Kwa hiyo kinywaji kinashuka bei kadiri unavyokaribia kinakotoka. Ni hesabu rahisi! Bia inatoka Ulaya, basi bia Ubelgiji ni karibu na bure. Nikaandika faranga mbili. Divai huko Ufaransa nimeiweka senti hamsini, na mgeni anayelala huongezewa chupa asubuhi. Wiski ni ya Waingereza. Kigoma inatawaliwa na Waingereza. Basi wiski Kigoma ni shilingi tano, yaani faranga thelathini na tano. Bia yao shilingi moja. Mbona kila mtu analiogopa ziwa hili?

Placide alisoma, akacheka peke yake, akasema mbele ya watu kwamba wiski Kigoma inapita shilingi ishirini. Wivu mtupu.

Nimeuza nakala kumi na tisa kabla ya jua kuwa kali. Mteja bora ni Bisogo, mfugaji kutoka milimani. Yeye ni Mprotestanti, hajagusa pombe tangu kuzaliwa. Nikamuuliza anataka mwongozo wa nini. Alisema anataka kujua Mungu amemwokolea faranga ngapi. Alikaa chini na kijiti akihesabu kwenye mavumbi mpaka adhuhuri, kisha akasema amejiokolea ng'ombe watatu na ndama, akanishukuru kwa mikono miwili.

Félicité hakununua. Alisoma nakala ya jirani. Aliuliza tu kama kuna nchi wanakouza chai. Nikamwambia chai si kinywaji cha kitaalamu.

Ijumaa, 7 Juni.

Mzee Albert naye amenunua mwongozo. Heshima kubwa! Ila amenirudia nao.

Aliniita lubunga, banda la wanaume pale kwao, akaukunjua mbele ya wazee wenzake, akaweka kidole penye Kigoma. Shilingi tano tu! Alisema alidhani ananitwika mzigo, kumbe wiski ni kitu cha mkononi. Kwa hiyo hataki kusikia sababu yoyote. Mwandishi wa bei hawezi kushindwa na bei aliyoiandika mwenyewe. Wazee wote walitikisa vichwa. Nami nikatikisa.

Akanikumbusha desturi, kana kwamba mimi si Mbembe kama yeye. Aliyeleta kinywaji hukifungua mwenyewe na kuonja wa kwanza, glasi nzima, watu wote wakimtazama. Kama kuna ubaya ndani, uanze na yeye. Halafu mwenye nyumba, halafu wageni. Na kwa kuwa mambo ya wiski yanataka shahidi anayeyajua, Placide ataitwa ahukumu.

Placide! Ahukumu! Mzee alisema ni haki, maana Placide mwenyewe ameshindwa kuleta chupa. Amesema meli yake inatengenezwa mpaka Julai. Baadaye nilipomtazama Placide sokoni, alikuwa anachezea kofia yake.

Siri ya shajara hii: sijawahi kuonja wiski. Nimeonja kasiksi, na mara moja lutuku, pombe kali ya mihogo, iliyonilaza mlangoni pa katekista. Lakini wiski nitaijua tu. Nimeandika juu yake.

Jumanne, 11 Juni. Fizi.

Huwezi kuvuka bila karatasi ya ruhusa, na karatasi inatoka buro, ofisi ya serikali ya Fizi, huko juu. Nilipanda lori jana alfajiri. Nikafika. Buro imefungwa! Jana ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste. Mkristo mzima nimesahau! Nililala kwa binamu wa mtu niliyemwandikia barua mwaka juzi, na alinikumbusha kwamba barua ile ilimletea matatizo.

Baridi ya Fizi siyo ya binadamu. Lakini ushindi uko palepale: nimeuza miongozo saba kwa watu ambao nao walikuja wakakuta mlango umefungwa. Tulikaa kwenye ngazi, nikawasomea bei za Paris. Mama mmoja, Adolphine, alisema kama divai ni senti hamsini basi hao Wafaransa hawalimi.

Leo karani aliniuliza naenda Kigoma kufanya nini. Nikasema utafiti. Akagonga muhuri. Naandika haya lorini, nikishuka, na bado nautazama.

Alhamisi, 13 Juni. Ziwani.

Naandika kwa shida. Boti la injini la mfanyabiashara mmoja, limejaa dagaa, mawese na sisi. Tumeizunguka rasi ya Ubwari asubuhi. Wavuvi wa huko wakatupungia mikono. Niliwapungia pia, halafu nikainama pembeni nikatoa mandazi yote ya Félicité.

Nina shilingi tisa. Nauli ya kurudi nimeshaitoa, mahali pa kulala nimepata kwa ndugu wa nahodha. Shilingi tano ni za wiski. Nne zilizobaki nitanunua kitambaa cha Félicité na, nikitaka, wiski nyingine nusu. Ni raha kusafiri ukiwa unajua bei!

Nahodha, mtu wa Mboko anayeitwa Alphonse, aliniuliza kama ni kweli Brussels bia inauzwa faranga mbili. Nikamwambia iko kwenye maandishi. Alisema basi siku moja atageuza boti hili na kwenda moja kwa moja. Nikampa nakala bure.

Ijumaa, 14 Juni. Kigoma.

Siku kubwa. Niandike polepole nisisahau kitu.

Niliingia mahali pa vinywaji karibu na stesheni. Nikagonga meza. Nikaomba wiski moja, chupa nzima, yenye karatasi. Mhudumu, kijana mpole mwenye Kiswahili cha kwao, alisema shilingi ishirini na nne.

Nilicheka. Nikamwambia mimi si mgeni wa kudanganywa. Nikatoa mwongozo, nikaulaza mezani, nikamwonyesha: Kigoma, wiski, shilingi tano. Akausoma. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikasema mtaalamu mmoja wa Baraka, mtu wa kuaminika sana. Akaniomba ningoje kidogo, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita tajiri, tajiri akamwita mke wake. Wakausoma wote, mbele na nyuma. Walifurahi mno! Tajiri ilibidi akae. Mke wake alifika penye divai ya Ufaransa akajifuta machozi kwa kanga. Mwishoni wakaniomba nakala ile, wakaibandika ukutani juu ya mizani, watu wote waione. Mwongozo wangu uko ukutani Kigoma! Placide amefika bandari ngapi, na wapi wamebandika kitu chake?

Bei hawakushusha. Hilo nimeshangaa.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe, na sitaficha: nilisikia uchungu. Saint-Jean iko karibu. Shilingi tisa mkononi. Nikamwona Félicité akimimina chai, na Placide amekaa kwenye kiti changu.

Ndipo akatokea bwana mmoja mwenye aproni kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amesikia kila kitu. Alisema ameona mimi ni msomi, na kwa wasomi yeye ana wiski ya shilingi saba. Ya siri. Nilimwambia mwongozo unasema tano. Akasema tano ilikuwa bei ya mwezi uliopita. Hapo nikajua huyu anaijua biashara!

Aliniacha mlangoni akaingia jikoni. Nilingoja sana. Nilisikia maji yakichemka na kifuniko cha birika kikicheza. Kisha akaja na chupa. Nzuri! Karatasi yake juu, imechakaa kidogo pembeni kwa ajili ya safari, mdomo umezibwa kwa nta ya mshumaa. Rangi nyekundu ya kahawia, safi kabisa. Ila ilikuwa ya moto. Nikamuuliza kwa nini wiski iko na moto. Alinitazama kwa huruma. Alisema wiski duni hupoa. Ile halisi hukaa na joto lake ndani. Nimeyaandika hayo kwa ajili ya chapa ya pili.

Alinionya mambo mawili: nisiifungue kabla ya siku yenyewe, na nisiiweke zaidi ya wiki mbili.

Mbili zilizobaki nilinunulia kitambaa. Chekundu, cha maua. Nimelala na chupa kifuani, na mpaka saa hizi inanipasha joto. Halisi!

Jumapili, 16 Juni. Baraka.

Nimefika! Pekupeku, lakini nimefika.

Jana upepo ulitoka kusini tukiwa karibu na Ubwari. Mawimbi yakaanza kuingia. Alphonse akapiga kelele kila mtu apunguze mzigo. Madebe ya mawese yakaenda. Mama mmoja akatupa sufuria huku akiliita kwa jina. Alphonse akaninyooshea kidole: na wewe! Nikatupa miongozo iliyobaki, nakala thelathini, ikaelea nyuma yetu. Haikutosha. Nikatupa koti. Akanitazama kifuani. Nikamwambia chupa hii ni mke wangu. Nikavua viatu, vile vya ngozi vya Jumapili, vya pekee nilivyonavyo, nikavitupa kimoja kimoja. Kilichochelewa kuzama ni cha kushoto.

Nilishuka ufukweni Baraka miguu mitupu, mchanga unachoma, chupa kifuani, kitambaa kichwani kwa sababu ya jua. Watu walikuwa wanatoka misa ya pili. Kila mtu ameniona! Placide pia. Aliitazama ile karatasi ya chupa akageuka rangi. Nikamwambia shilingi saba.

Félicité alikuja mpaka kwenye maji. Aliuliza viatu viko wapi. Nilimweleza. Akaitazama miguu yangu, akaitazama chupa, kisha akachukua kitambaa kichwani pangu akasema rangi ni nzuri. Halafu akanipa chai. Nilikunywa vikombe vitano bila kupumua.

Jumapili, 23 Juni.

Ni ushindi! Ushindi kamili, wa kuandikwa kwa wino mwekundu kama ningekuwa nao!

Lubunga ilijaa. Mzee Albert amevaa koti la jeshi, vifungo viwili. Mama Constance, mama yake Félicité, amekaa nje na wanawake, wote wanachungulia kwenye matete. Placide amekaa karibu na Mzee, kofia magotini. Félicité akaleta glasi nne kwenye sinia. Mimi nimevaa viatu vya kuazima kwa katekista, vya namba kubwa, nikitembea vinabaki nyuma.

Nikapasua nta. Nikamimina. Rangi yenyewe! Watu wakasema aaa. Nikakumbuka desturi: glasi nzima, wa kwanza, mbele ya macho yote. Nikafunga macho nikanywa.

Hakuna moto.

Nilingoja moto. Placide husema siku zote kwamba wiski huchoma kuanzia meno mpaka kitovuni. Haikuchoma popote. Ilikuwa laini, na chachu kidogo mwishoni. Na ajabu, ladha ile niliijua! Niliwahi kuionja mahali, mara nyingi, na sikuweza kukumbuka ni wapi. Jasho likanitoka. Nikasema moyoni, Bonaventure, kama hii siyo wiski, umeuza viatu vyako, koti lako na mke wako kwa siku moja. Kwa kuwa hakuna kilichochoma, nilikohoa kwa adabu tu. Nikashika nguzo ya banda. Nikasema, "Haaa!"

Watu wakafurahi. Mzee akachukua glasi yake. Hapo nilitaka ardhi inimeze, maana yeye ndiye mwenye ulimi wa Tabora. Akanusa. Akanywa yote. Akakaa, macho juu ya paa, hakuna anayepumua. Mdomo ulimcheza. Aliwatazama wenzake, wale ambao kwa miaka arobaini na moja amewasimulia habari ya glasi ile moja, na wote wanamngoja. Kisha akapiga goti kwa mkono.

"Tabora!" akasema. "Ile ile! Ile yenyewe ya mwaka wa kumi na sita! Hamuone vile inapanda ku kichwa?"

Nikavuta pumzi. Lakini bado Placide. Akanywa nusu. Akasita, kinywaji bado mdomoni. Alinitazama, nikamtazama. Niliona macho yake yanakwenda kwa Mzee, kwa wazee, kwa wanawake kwenye matete, yanarudi kwenye glasi. Mzee akamuuliza kwa ukali: wewe uliyekunywa bandari zote, unasema nini? Placide akameza. Akasema, kwa sauti ya mpishi mkuu, "Iko ya miaka kumi na mbili. Musikie vile iko na uchachu kidogo ku mwisho. Ile ya bei ya chini haina uchachu."

Basi! Chupa ikazunguka. Wazee walionja kijiko kijiko. Mmoja akalia akimkumbuka kaka yake. Mwingine akaomba msamaha kwa jambo la mbuzi la mwaka wa hamsini na moja. Mzee Albert akasimama akaimba wimbo wa kijeshi, akapiga saluti kwa mlango, akaanguka kwenye mapaja ya Placide, naye Placide amelewa kabisa, kofia kinyumenyume, anamwita kila mtu kapteni. Mimi nilicheza mpaka nikagonga kichwa kwenye nguzo ya mlango. Hatujawahi kulewa hivyo Baraka!

Mzee, akiwa chini, alinishika mkono mbele ya watu akasema mimi ni mukwe. Mama Constance akapiga vigelegele. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama hii. Sidhani.

Jumatatu, 24 Juni. Sikukuu ya Saint-Jean.

Kichwa kinauma. Nimefurahi sana kuumwa! Ndiyo dalili ya wiski halisi. Félicité alisema kinauma kwa sababu ya nguzo.

Alikuja asubuhi, kabla ya soko, akakaa upande wa pili wa meza yangu kama mtu mwenye barua. Alisema ana neno moja la kuniambia na atalisema mara moja tu. Glasi za jana aliziosha yeye, na moja ilikuwa na tone, akaonja. "Ile iko chai, Bonaventure. Chai kavu, na sukari ya kuungua. Chai imekaa siku tisa mu chupa. Mi ninapika chai kila siku ya Mungu, utanidanganya we?"

Nikamwambia haiwezekani. Mzee alikumbuka Tabora. Placide alitaja mpaka miaka. Wazee wanane walilewa, mmoja alisamehe mbuzi. Yeye ni mmoja, wao ni wengi, na zaidi mimi mwenyewe nimelewa. Anataka kusema chai ilimwangusha askari wa mwaka wa kumi na sita?

Alinitazama muda mrefu. Nikadhani sasa ndiyo basi. Nilianza kukusanya karatasi zangu, maana nilijua ndiyo au hapana ni yake, na chupa imeshaisha. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hata kama ningejua, viatu ningevitupa tu.

Akacheka. Alisema ndiyo maana amekuja. Alisema hivi, nimeyaandika yote yasipotee: "Placide anadanganya bantu. We unajidanganya we mwenyewe, halafu unakuja miguu bure, bila kiatu. Mi nataka we. Lakini mambo ya kununua vitu, tangu leo utaniachia mimi."

Nimekubali! Nimekubali yote! Ameniuliza kama nimesikia sehemu ya mwisho. Nikasema nimesikia. Nilimwangalia akienda kwenye birika lake na kitambaa chekundu cha maua kiunoni, nikabaki nimekaa na machozi ya furaha, mpaka mteja mmoja akadhani nimepata barua ya msiba.

Jumatano, 26 Juni.

Kazi imerudi. Mzee Albert anataka chupa tatu za arusi. Ile ile, ya duka lile lile. Placide amekuja kuniuliza jina la muuzaji, kwa unyenyekevu, kofia mkononi. Sikumpa. Bisogo ameshuka kutoka milimani, akasikia wiski imefika shilingi saba, akahesabu upya: ng'ombe wanne! Amenunua nakala mbili, moja ya mchungaji wake.

Chapa ya pili imetoka leo. Kigoma, wiski, shilingi saba, mlango wa nyuma. Angalizo: wiski halisi huuzwa ikiwa na moto. Angalizo la pili: msafiri asivae viatu vizuri. Nimeongeza pia bei za London, ambako nimehesabu kwamba wiski ni shilingi mbili, na mgeni hupewa kiti.

Nimempa Alphonse pesa leo, aniwekee nafasi botini Ijumaa. Chupa sita. Tatu za arusi, tatu za kuuza hapa kwa bei ya tajiri wa stesheni. Félicité sijamwambia bado, ni jambo la kumshangaza tu.

Leo asubuhi aliniletea kikombe cha chai. Nilikunywa polepole, kitaalamu sasa, nikazungusha ulimi. Nikashtuka! Laini. Rangi ileile. Ladha ileile kabisa! Nilimwambia ana mkono wa ajabu: hakuna mwanamke mwingine kandokando ya ziwa hili anayeweza kupika chai ikakaribia wiski namna hii. Inapungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni bei.